Rubani Anayeogopa Kusema Kwamba Anaumwa



Nimeombwa nizungumze juu ya afya ya akili mahali pa kazi. Nimechagua kazi ya urubani, ingawa humu ukumbini sidhani kama yupo arushaye ndege, kwa sababu katika kazi hiyo kosa moja la utawala huonekana waziwazi kuliko kwingineko. Kosa lenyewe ni kumfanya mgonjwa apoteze kila kitu pindi atamkapo kwamba anaumwa.

Tarehe 24 Machi, 2015, ndege ya kampuni ya Germanwings ya Ujerumani iliondoka Barcelona kwenda Düsseldorf. Ilipokuwa juu ya Ufaransa, rubani mkuu alitoka kidogo katika chumba cha marubani. Rubani msaidizi akafunga mlango, akaishusha ndege kwa makusudi mpaka ikagonga milima ya Alps. Watu wote 150 walikufa. Milango ya namna ile iliimarishwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, kumzuia adui atokaye nje; siku ile ulimzuia rubani mkuu mwenyewe.

Wala msiba huo si wa Ulaya peke yake. Tarehe 29 Novemba, 2013, ndege ya LAM, shirika la jirani zetu wa Msumbiji, ikitoka Maputo kwenda Luanda, ilianguka Namibia na kuua watu 33. Wachunguzi walisema kwamba rubani mkuu alikuwa amebaki peke yake chumbani, na kwamba ndege ilishushwa kwa makusudi.

Turudi kwa yule kijana wa Ujerumani, kwani habari zake zilichunguzwa kwa undani na ripoti ikatolewa mwaka 2016. Alikatisha mafunzo mwaka 2008 kwa ajili ya ugonjwa wa sonona, akatibiwa, na mwaka 2009 akapewa cheti cha afya chenye sharti maalumu. Mwishoni mwa 2014 dalili zilimrudia. Alikwenda kwa daktari huyu na yule. Mmoja wao, wiki mbili hivi kabla ya msiba, alishauri atibiwe katika hospitali ya magonjwa ya akili. Aliandikiwa vyeti vya kupumzika, asivipeleke vyote kwa mwajiri. Madaktari nao walinyamaza, maana sheria ya nchi yao hulinda sana siri ya mgonjwa.

Kwa nini alificha? Alikuwa amekopa zaidi ya euro 40,000 kulipia mafunzo, na hakuwa na bima ya kutosha kumlipa mshahara endapo angenyang'anywa leseni. Sisemi hayo kumtetea. Aliua watu 149 wasio na hatia. Tena ni dhuluma kumdhania kila mwenye sonona kuwa ni muuaji, maana walio wengi kabisa hawamdhuru mtu yeyote. Lakini hesabu aliyoipiga juu ya leseni na deni lake, marubani wengi waaminifu huipiga pia, kimya kimya.

Na kazi yao ina uzito wake. Rubani huamka usiku wa manane, hulala katika hoteli za miji asiyoizoea, hukosa arusi na matanga ya jamaa zake, na hupimwa afya angalau mara moja kila mwaka huku riziki yake ikingoja kalamu ya daktari. Marekani ilipitisha sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ya kumpa rubani saa 10 za mapumziko kabla ya zamu. Sheria hiyo ilizaliwa na ajali ya karibu na Buffalo ya mwaka 2009, iliyoua watu 50. Hata hivyo uchovu ni rahisi kuukiri; mtu haoni haya kusema amechoka.

Huzuni ndiyo ngumu kuikiri. Mpaka mwaka 2010, rubani wa Marekani aliyemeza dawa ya sonona hakuruhusiwa kurusha ndege, hata kama dawa ilimponya. Mwaka huo dawa nne ziliruhusiwa, kwa masharti na uangalizi. Ulaya nayo, kwa kanuni ya mwaka 2018 iliyoanza kutumika Februari 2021, iliyataka mashirika ya ndege kuwapatia marubani mpango wa kusaidiana: mwenye shida humwendea rubani mwenzake aliyefunzwa kumsikiliza, na maneno yake huwa siri isipokuwa pale usalama unapokuwa hatarini. Kanuni hiyo pia ilitaka rubani apimwe akili kabla ya kuajiriwa. Kipimo hicho sikidharau, lakini hakiwezi kutabiri mtu atakuwaje miaka kumi baadaye, akiwa amefiwa au ameachika.

Kwa hiyo, Ndugu zangu, shirika la ndege likituambia kwamba linajali afya ya akili ya marubani wake, tuliulize maswali mawili. Rubani akijitokeza leo na kusema anaumwa, ni nani atakayemlipa mshahara katika miezi ya matibabu? Na akipona, kuna utaratibu gani ulioandikwa wa kumrudisha kazini, na unachukua muda gani?