Mizani Tatu, Hesabu Moja



Msimu wa mbaazi ukifika hapa Gendabi, mizani moja haitoshi. Tukiweka tatu, kazi huenda upesi, lakini hutoka orodha tatu. Orodha moja ikipotea, mkulima hukosa malipo yake. Ikijumlishwa mara mbili, chama hupata hasara.

Kompyuta zinazogawana kazi hukabili jambo hilohilo. Katika programu ya Hadoop, iliyoanza mwaka 2006, kila sehemu ya kazi huandika faili lake lenye namba. Sehemu mbili haziandiki faili moja. Sehemu ikikatika, hurudiwa, na lililoandikwa nusu hutupwa. Kazi yote ikikamilika, huwekwa faili tupu kuwa alama kwamba matokeo yako tayari kusomwa.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Kila karani awe na daftari lake lenye namba. Stakabadhi iliyoharibika ifutwe, lakini ibaki daftarini. Katibu asijumlishe kabla makarani wote hawajatia sahihi. Tena idadi ya mizani ipangwe mapema, maana madaftari mengi mno huchelewesha majumlisho.

Jasho la mkulima liandikwe mara moja, wala lisiachwe.