Mizani ya Fani na Nguvu za Akili katika Michezo ya Mezani ya Hadithi za Ajabu



Mada niliyokabidhiwa yahusu michezo ya kuigiza wahusika wa hadithi za ajabu, ile ichezwayo mezani kwa karatasi, kalamu na dadu, na hususan yahusu mizani baina ya fani za wahusika hao na nguvu zao za akili. Nitaushika mchezo mmoja, Dungeons & Dragons, kwa kuwa ndio uliotangulia mingine, ulipotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na kwa kuwa makosa yake na masahihisho yake yamo vitabuni, toleo baada ya toleo, hata mwenye kutaka kujifunza aweza kuifuata njia yote hatua kwa hatua.

Sataranji hupata usawa wake kwa kuwapa wapinzani wawili kete zile zile katika safu zile zile. Mchezo huu hauna njia hiyo, maana wachezaji wake ni wasafiri wa msafara mmoja, na kila mmoja amechagua fani isiyo ya mwenziwe. Basi usawa wao upimwe kwa nini? Aghalabu watu hupima kwa madhara ambayo mhusika aweza kumtia adui, nami naona kipimo hicho ni pungufu. Kitu ambacho wachezaji hugawana, nacho ni haba, ni zamu: ule muda ambao macho ya wote yamemwelekea mmoja, na tendo lake au neno lake laweza kugeuza mambo. Fani iliyonyimwa zamu yenye uzito imedhulumiwa, ijapokuwa upanga wake wakata kuliko panga zote.

Watunzi wa mwanzo walitambua kwamba sihiri yaweza kuzimeza fani nyingine, wakaitoza ushuru. Kwa kanuni za 1978 mpiganaji alipata uhai wake kwa dadu ya pande 10, na mjuzi wa sihiri kwa dadu ya pande 4. Huyu wa pili alianza na talasimu moja tu, ambayo akiisha kuitumia ilimtoka kichwani mpaka aisome upya, na asiyekuwa na alama 18 za Akili, mojawapo ya sifa sita za mhusika, hakuruhusiwa kamwe kuzifikia talasimu za daraja la tisa. Ushuru huo ulikuwa na maana, ila ulikusanywa kwa zamu mbaya: mjuzi aliteseka katika madaraja ya chini, mpiganaji akateseka katika madaraja ya juu, na kundi lililovunjika katikati ya safari lilimwacha mmoja wao hajalipwa haki yake.

Dhuluma iliyo kubwa zaidi ililetwa na nguvu za nafsi, ambazo wachezaji huziita saioniki, zilizoingizwa mwaka 1976 katika kijitabu cha Eldritch Wizardry na kuhifadhiwa katika nyongeza ya kitabu cha wachezaji cha 1978. Hizo hazikuwa fani, bali zawadi ya bahati: mhusika mwenye alama 16 au zaidi katika Akili, Hekima au Haiba aliruhusiwa kujaribu dadu, na hata aliyejaaliwa 18 katika sifa zote tatu hakuwa na tumaini lipitalo asilimia 10. Udogo wa asilimia hiyo ulidhaniwa kuwa ndio mizani, na hapo ndipo nisipokubaliana na watunzi hata kidogo. Uadimu haupunguzi uzito wa kitu kilichokwisha kupatikana. Aliyebahatika alibaki na fani yake nzima, na juu yake akaongezewa silaha na ngao za nafsi bila kulipa chochote. Fauka ya hayo, mapambano ya nafsi yalihesabiwa katika kila sehemu ya kumi ya raundi, wakati upanga ulisubiri raundi itimie, hivyo wawili wakashindana kwa fikira na wenzao wote wakakaa kutazama.

Kitabu cha 1991 kiliifanya saioniki kuwa fani kamili, nalo ni sahihisho la kupongezwa. Kile cha 2001 kikakosea kwa upande wa pili, kwa kuzifungamanisha taaluma zake sita na sifa sita, kila taaluma na sifa yake, hata mhusika akahitaji kila kitu na asiwe hodari wa lolote. Ilipofika 2004 njia ilinyooka: fani moja ya saioniki ikategemea Akili, nyingine Hekima, nyingine Haiba, na ikaamriwa kwamba katika tendo moja mtu asitumie alama za nguvu za nafsi zinazozidi daraja lake. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo nguzo ya jengo lote. Makundi yanayoisahau hulalamika kwamba saioniki yaharibu mchezo, kumbe wameing'oa nguzo wao wenyewe.

Lakini sifa za akili zina utata ambao hesabu peke yake haiutatui. Hapana msimamizi wa mchezo amtakaye mchezaji anyanyue jiwe ili Nguvu za mhusika wake zithibitike. Fumbo likitegwa, hata hivyo, hulitegua mchezaji kwa akili yake mwenyewe, na mfalme hubembelezwa kwa ulimi wake mwenyewe. Kwa hiyo msemaji hodari huitupa Haiba, akazihamishia alama zake kwenye Nguvu, kisha akanena kama balozi. Na mwenye haya aliyeigharimia Haiba hunyamaza. Toleo la 2000 lilizidisha taabu kwa kumpa mpiganaji alama 2 za ustadi kwa kila daraja, na mwizi 8, kabla ya kuhesabu Akili, hata mpiganaji akawa hana la kufanya panapokuwa na mazungumzo. Rai yangu ni kwamba Akili impatie mhusika habari, wala isimpokonye mchezaji uamuzi. Na Haiba iamue jinsi neno linavyopokewa, baada ya mchezaji kueleza makusudio yake kwa lugha yoyote aiwezayo.

Nawasihi basi watunzi mliohudhuria: kabla ya kuchapa kanuni zenu, ziketisheni mezani na wachezaji wa fani mbalimbali, mwekeni mtu wa kuandika dakika ambazo kila mmoja ametenda na ambazo amengoja, na fani yoyote itakayoonekana yangoja kuliko zote irudisheni kwenye karakana, hata kama hesabu zake za madhara zimekamilika.