Amplifaya ya Besi Ikikataa Kuwaka, Anzia Ukutani

Mazungumzo ya mkufunzi wa umeme kwa viongozi wa kwaya, bendi za vijana na wahudumu wa vyombo vya sauti katika siku ya mafunzo ya vikundi vya muziki.

Asanteni kwa kufika, hasa nyinyi mliopakia vyombo kwenye matatu na bodaboda. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie jambo moja tu: amplifaya ya besi iliyofanya kazi vizuri Jumapili iliyopita, leo unabonyeza swichi na taa haiwaki wala spika haivumi. Najua vyombo hivi hununuliwa kwa michango, na kikundi huchanga miezi mingi kabla ya kukipata kimoja. Ndiyo maana mtu hukimbilia bisibisi. Tafadhali iacheni kwanza, kwa sababu mara nyingi kosa liko nje ya amplifaya.

Anzia ukutani. Chomeka kitu kingine kwenye soketi ileile, tena kwenye tundu lilelile la ekstensheni uliyokuwa ukitumia. Wengi hujaribu kwa chaja ya simu. Si vibaya, lakini chaja nyingi zimeundwa kufanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo stima ikiwa imeshuka sana simu itaendelea kuchaji huku amplifaya imelala. Aliye na multimita apime na anayejua kuitumia. Hapa kwetu tunatarajia kama volti 240. Na zile ekstensheni za bei ya chini zilizolegea matundu, mimi naziona ndizo adui mkubwa wa muziki mashinani kuliko radi.

Soketi ikiwa sawa, nenda kwenye waya. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ndani yake, ya ampea 3, 5 au 13. Chomoa plagi ukutani ndipo uifungue. Waya wenyewe, kwa amplifaya nyingi, ni sawa na ule wa kompyuta ya mezani, kwa hiyo azima mmoja ofisini au shuleni ujaribu. Hakikisha pia umesukumwa ukaingia wote nyuma ya mashine, maana vyombo vikisafirishwa hulegea. Kama amplifaya yako ni ya valvu, kumbuka huwa na swichi mbili, moja ya stima na nyingine ya kusubiri. Hiyo ya pili isipowashwa, taa itawaka lakini sauti haitatoka. Na amplifaya ya valvu isiwashwe kamwe bila kuunganishwa na spika yake.

Sasa fyuzi ya nyuma. Mara nyingi imekaa kwenye kidroo kidogo chini ya tundu la waya, au kwenye kifuniko cha mviringo. Ukiwa umechomoa waya, itoe uitazame. Uzi ukiwa umekatika au kioo kimekuwa cheusi, imeungua. Usiamini macho peke yake, ipime. Unaponunua nyingine, soma maandishi yaliyo karibu na kidroo: T4A, kwa mfano, ni ampea 4 ya aina inayochelewa kukatika, kwa sababu transfoma huvuta umeme mwingi kwa mpigo inapowashwa. Ukiweka yenye herufi F, ambayo hukatika upesi, inaweza kuungua bila mashine kuwa na kosa lolote.

Weka fyuzi mpya mara moja. Ikiungua tena papo hapo, simama hapo hapo. Ndani kuna kitu kinachovuta umeme kupita kiasi, na ile fyuzi inakulinda. Kuna mtu kila mtaa anayejua kuifunga kwa karatasi ya sigara au uzi wa waya. Huyo amplifaya yake itawaka, ndiyo, na baadaye transfoma itaungua, pengine na ukumbi pia.

Nikae kidogo kwenye mashine zinazotoka ng’ambo, maana naziona nyingi hapa. Marekani hutumia volti 120. Jamaa anakuletea amplifaya nzuri, unaivisha adapta ya plagi na kuichomeka. Adapta ile inabadilisha pini tu, haibadilishi volti! Soma nyuma ya mashine. Zingine zina swichi ya kuchagua volti. Ikibadilishwa kuwa 230 au 240, fyuzi nayo hubadilishwa kuwa ndogo zaidi kama ilivyoandikwa. Zilizoandikwa 120 pekee huhitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha.

Jambo ambalo sitalipita haraka ni waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano. Wengine huukata ili kuondoa mvumo. Nyuzi za gitaa la besi zimeunganishwa na bodi ya chuma ya amplifaya kupitia waya wa gitaa. Umeme ukivuja hadi kwenye bodi na waya wa ardhi haupo, nyuzi unazozishika zina stima, na mdomo wako uko kwenye maikrofoni. Mwaka 1972, huko Swansea, Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifia jukwaani baada ya kugusa maikrofoni ambayo haikuwa na waya wa ardhi. Mvumo una tiba nyingine.

Kufungua kasha ni kazi ya fundi. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na kwenye amplifaya za valvu huweza kufika volti 400 na zaidi.

Stima ikipotea katikati ya wimbo, zima kila kitu na uchomoe. Ikirudi, ngoja dakika chache itulie. Kwa jenereta, iwashe kwanza, iache ishike kasi, ndipo uunganishe vyombo.

Ukienda kwa fundi mpe historia: ilizimika ikicheza au ilikataa kuwaka, ulinusa harufu ya kuungua au la, fyuzi ngapi zimekatika, ilikuwa kwenye jenereta au kwenye laini. Umpelekee na waya wake pia. Haya, yule mama wa kwaya aliyekuja na amplifaya asogee nayo mbele, tukifungue hicho kidroo cha fyuzi pamoja.