Damu Ikinywewa, Nani Anadaiwa? Tamthilia za Vampaya Machoni pa Mtu wa Kagera

 

Jioni hii nasimama mbele yenu kama mpenzi wa tamthilia za vampaya. Nazitazama kwa moyo wote, nabishana juu yake na wanafunzi wangu, na nina maoni makali kuhusu ipi ni kazi ya maana na ipi inapoteza muda wa mtu. Kipimo changu ni swali moja: damu ikishanywewa, nani anadaiwa? Tamthilia inayolikabili swali hilo naiheshimu hata kama imeigizwa vibaya. Inayolikwepa hainishiki, hata ikiwa na sura nzuri na muziki mtamu.

Swali hilo sikulitoa Hollywood. Nimelikuta hapa hapa Buhaya, mkoani Kagera. Wazee mliomo humu ndani mnajua omukago, yaani undugu wa kuchanjiana damu, ulivyofungwa. Tunda la kahawa lilipasuliwa, zikatoka punje mbili zilizolala pamoja ndani ya ganda moja. Kila mmoja wa wale wawili alichanjwa karibu na kitovu, punje ikapakwa damu yake, na mwenzake akaimeza. Kuanzia hapo hawakuwa watu baki tena. Mmoja akifika usiku kwa mwenzake, mlango unafunguliwa. Akiwa na shida ya chakula au ya ulinzi, shida hiyo ni ya wote wawili, na watoto wao wanaurithi undugu huo. Asiyetimiza aliyoapa aliogopa kwamba damu aliyoimeza ingemgeukia mwilini. Kwa maneno mengine, huku kwetu kunywa damu ya mtu kulikuwa kuingia kwenye deni, na deni lenyewe halikuisha.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni mumiani. Kote Afrika Mashariki, wakati wa ukoloni, watu walisimuliana juu ya wanyonya damu wasiokuwa mizimu wala majini, bali waajiriwa. Kampala na Nairobi waliitwa wazimamoto, na magari mekundu ya zimamoto yaliogopwa kwa sababu hiyo. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000. Kwa mkoa wetu, mwanaanthropolojia Brad Weiss, aliyefanya utafiti wake Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1980, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1996 sura nzima kuhusu uvumi wa damu kuibwa na kuuzwa. Katika simulizi za hapa damu ilikwenda pamoja na umeme, utajiri wa ghafla na watu wa mjini ambao hakuna ajuaye walipatia wapi mali yao. Nawaomba mtazame vizuri: mumiani wa simulizi zetu hanywi. Hana kiu. Anakinga, anapeleka, analipwa. Damu inaondoka kijijini kama gunia la kahawa linavyoondoka, na aliyetolewa hamjui mnunuzi.

Kwa hiyo mtazamaji wa Kagera anapokaa mbele ya runinga ana mizani yenye sahani mbili. Kuna damu inayofunga watu, na kuna damu inayouzwa. Sasa niwapeleke kwenye tamthilia zenyewe.

Zimetufikia kwa njia zote mnazozijua: CD zilizochomwa, flashi zinazojazwa sizoni nzima kwenye maduka ya muvi, vibanda umiza ambako mkalimani anasema juu ya sauti za waigizaji. Huku mpakani mwa Uganda tumepata bahati ya pekee, maana pamoja na wakalimani wa Dar es Salaam tunawasikia na wale wa Kampala, akina VJ Jingo, na Kiganda si kigeni sana kwa sikio la Mhaya. Mkalimani mzuri huongeza yake. Humpa vampaya ukoo na tabia, humkaripia anapomdanganya msichana, huwaeleza watazamaji kwa nini mtu huyo hawezi kuingia ndani bila kukaribishwa. Kwenye sharti hilo la mwisho hakuna Mhaya anayehitaji maelezo marefu, kwa sababu hata kwetu anayeingia bila hodi anatia shaka.

Naanza na inayopendwa zaidi na vijana, The Vampire Diaries, iliyorushwa kuanzia 2009 hadi 2017, sizoni nane, vipindi 171. Ndugu wawili, Stefan na Damon Salvatore, wanampenda msichana mmoja katika mji mdogo wa Virginia. Imeandikwa kwa ustadi. Kila kipindi kinaisha pale ambapo huwezi kuzima. Lakini ina kasoro ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote. Vampaya wake wana uwezo wa kumtazama mtu machoni na kumwamuru asahau. Wanamnyonya, kisha wanamfuta kumbukumbu, naye anakwenda zake shuleni. Katika sizoni ya kwanza Damon anamfanyia hivyo msichana mwingine, Caroline Forbes, siku baada ya siku, na msichana anafunga skafu shingoni kuficha majeraha asiyoweza kuyaeleza. Hapa deni halilipwi wala halikataliwi. Linafutwa kwenye kichwa cha anayedai. Kisha mwanzoni mwa sizoni ya pili Caroline mwenyewe anageuka kuwa vampaya na kumbukumbu zote zinarudi kwa mkupuo. Anasimama mbele ya Damon na kumwambia kwamba anakumbuka. Ni dakika kubwa kuliko zote katika tamthilia hiyo, na waandishi waliiacha ipite. Sizoni chache baadaye Damon ndiye mpenzi mkuu wa hadithi, na tunatakiwa kumshangilia. Mimi sikumshangilia. Nawaambia wanafunzi wangu wa kike hasa: rudieni kipindi kile, mkitazame kwa macho ya Caroline.

Tamthilia iliyozaliwa ubavuni mwake, The Originals ya 2013 hadi 2018, ndiyo iliyonishika. Tunapelekwa New Orleans, kwenye familia ya Mikaelson, vampaya wa kwanza duniani. Klaus, Elijah na Rebekah waliapa wakiwa vijana kwamba hawataachana milele, na tamthilia nzima ni gharama ya kiapo hicho kwa muda wa miaka elfu moja. Klaus anawachoma ndugu zake majambia yanayowalaza kama wafu, anawatia kwenye majeneza na kuwabeba kutoka mji hadi mji, kwa sababu hawezi kuishi nao na hawezi kuwaacha. Nikiwa mtu wa ukoo na wa kibanja, shamba la migomba la ukoo, naielewa familia hii kabisa. Tena kuna sheria yao kwamba akifa mmoja wa hao wa mwanzo, kila vampaya aliyetokana na damu yake anakufa naye, hata aliye bara jingine. Hiyo ni damu yenye kumbukumbu.

Halafu kuna Marcel. Alizaliwa mtumwa, mwana wa gavana asiyemtambua. Klaus akamchukua, akampa jina na kumlea. Familia ilipoukimbia mji mwaka 1919, Marcel alibaki akaujenga upya kwa mikono yake. Klaus anarudi baada ya miaka karibu mia moja na kudai kila kitu ni chake. Nani mrithi hapo: mwenye damu au aliyelima? Wangapi humu ndani wamekaa baraza la ukoo likikesha juu ya swali hilo hilo, omusika, yaani mrithi, akiwa upande huu na aliyebaki shambani upande ule? Sizoni ya kwanza ya The Originals ingeweza kufundishwa katika darasa la sheria za ardhi, na nasema hivyo kwa dhati.

Buffy the Vampire Slayer ya 1997 hadi 2003 naitaja kwa heshima, kwa kuwa bila yake hizi nyingine zisingekuwepo. Angel, vampaya aliyerudishiwa roho ili aumie kwa ajili ya kila aliyemuua, ni mdaiwa wa kweli. Wengine wengi humo wapo ili wachomwe kijiti na kugeuka vumbi.

True Blood, iliyoonyeshwa kati ya 2008 na 2014, ndiyo iliyo jirani kabisa na mumiani wetu. Wajapani wametengeneza damu ya bandia inayouzwa kwa chupa, vampaya wanajitokeza hadharani, na mara binadamu wanageuka kuwa wanyonyaji. Katika kipindi cha kwanza kabisa mume na mke wanamfunga vampaya kwa minyororo ya fedha na kumkinga damu ili wakaiuze kama dawa ya kulevya. Sizoni za mwisho zinaleta ugonjwa unaosambaa ndani ya damu yenyewe. Wakosoaji wengi wanazidharau sizoni hizo, na kweli uandishi umelegea. Lakini mimi nilizitazama nikiwa Kagera. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania walikuwa mkoani humu, Hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba, mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujawa na jina la kitabibu huku uliitwa Juliana, jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Tazameni jinsi watu walivyokuwa wakifikiri: bidhaa imevuka mpaka, fedha imeingia haraka, na damu imelipa. Mtazamaji wa kwingine anaona njozi. Mtu aliyelelewa na bibi kwa sababu wazazi walizikwa migombani anaona kitu kingine, na maoni yake juu ya True Blood yana uzito ambao mkosoaji wa New York hawezi kuufikia.

Interview with the Vampire, iliyoanza 2022 kutoka riwaya ya Anne Rice ya 1976, imemfanya mhusika mkuu, Louis, kuwa mfanyabiashara mweusi wa New Orleans mnamo 1910, na kwa badiliko hilo moja hadithi imepata mifupa. Anapewa uzima wa milele na mtu anayempenda, na zawadi hiyo inamfunga. Ni kazi bora. Juu yake naweka moja tu.

Hiyo ni Midnight Mass ya Mike Flanagan, ya 2021, vipindi saba. Kuna kisiwa kidogo cha wavuvi, meli ya mafuta ilimwaga shehena yake baharini, samaki wamepungua, vijana wamehama, wazee wamebaki na kanisa. Padri anarudi kutoka safari ya Nchi Takatifu akiwa na kiumbe alichokutana nacho pangoni. Anaamini ni malaika. Anaichanganya damu ya kiumbe hicho kwenye divai ya ekaristi. Binti aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu anasimama na kutembea, wazee wanakuwa vijana, kanisa linajaa. Kila mtu anakunywa, na hakuna aliyeambiwa anakunywa nini. Mkoa huu ndio uliomtoa Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, mwaka 1960. Wilaya ya Muleba ina visiwa vya wavuvi, Goziba na Bumbire vikiwemo. Mimi sijui hadhira duniani inayoweza kuielewa Midnight Mass kuliko ya hapa. Padri yule si mwovu. Alimpenda mwanamke mmoja kwa siri maisha yake yote na hakutaka afe. Kosa lake ni kuwanywesha watu damu bila kuwapa nafasi ya kukubali, wakati hata omukago wa wapagani, kama wamisionari walivyowaita babu zetu, ulitaka wote wawili wakae chini, waone kisu, waseme ndiyo.

Wanafunzi huniuliza kwa nini hatuna tamthilia ya mumiani. Nami naitaka. Lakini yeyote atakayeiandika aanze kwa kuikumbuka Dodoma. Mwezi Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, watafiti wawili wa udongo waliotoka Arusha na dereva wao waliuawa na kuchomwa moto na wanakijiji walioaminishwa kwamba ni wanyonya damu. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, uvumi wa namna hiyo uliua watu kadhaa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika baadhi ya wilaya. Na Machi 2023, homa ya Marburg ilipotangazwa Bukoba Vijijini, maisha ya watu yalitegemea wanakijiji kukubali mgeni aliyevaa mavazi ya kujikinga awatoe damu ya kupima. Tamthilia ya mumiani inayomwonyesha mgeni mwenye sindano kama adui inaweza kuua mtu.

Ndiyo maana nataka iandikwe na watu wanaozijua sahani zote mbili za mizani ile. Imwonyeshe mnunuzi, si mkingaji peke yake. Ionyeshe kijiji kikikosea, na yule aliyeshutumiwa bure awe na mama na jina. Wanafunzi wa fasihi na wa filamu mliopo hapa, likizo ijayo mnarudi Izigo, Nshamba, Kanyigo na visiwani. Waulizeni bibi na babu zenu walisikia nini juu ya wanyonya damu, mwaka gani, kutoka kwa nani. Rekodini kwa simu zenu, kwa ridhaa yao, na mniletee. Mlango wa ofisi yangu uko wazi kila Jumatano mchana, na kazi ya kuandika tutaianza kwa simulizi hizo.