Mtoto wa Kereng'ende

Kereng'ende twamjua kwa mabawa yake. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake ameipitisha chini ya maji, hana mabawa, ana rangi ya tope.

Kazi yake huko ni kula. Chini ya kichwa amekunja mdomo mrefu wenye kulabu. Kiluwiluwi cha mbu kikipita, huufyatua na kukinasa. Matamvua yake yamo ndani ya utumbo wa nyuma! Naye huliwa na samaki na ndege.

Katika mji wa Yangon, Myanmar, watoto wa kereng'ende waliwekwa katika vyombo vya maji ya nyumbani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha mbu wamepungua sana.

Nasi twaosha pampu za dawa ya mimea mtoni. Dawa huua wote wawili. Mbu hukua tena kwa wiki moja au mbili. Kereng'ende wengi huchukua miezi, wengine miaka. Basi ndugu, kabla hujaosha, tazama matete kando ya maji. Ukiona ganda kavu lililopasuka mgongoni, mlinzi alitokea hapo, na wadogo zake huenda wangali majini.