Kiwanja cha Farasi na Kibarua wa Siku Moja
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)

Ndugu wanachama,

Leo twataka kusema juu ya kiwanja cha mbio za farasi cha Ngong Road, Nairobi. Labda mtauliza, farasi wanatuhusu nini? Wanatuhusu, maana penye farasi pana wafanyakazi.

Zamani mbio zilikuwa upande wa Eastleigh, ndiyo sababu jina la Racecourse Road lilibaki huko. Kiwanja cha Ngong kilifunguliwa mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, mwaka ule ule wa msako wa Anvil. Starehe ilikuwa ya Wazungu. Kulisha farasi na kufagia mazizi ilikuwa kazi ya Mwafrika.

Baadaye milango ilifunguka. Watu huja na watoto wao kutazama mbio. Gofu huchezwa papo hapo. Mashindano ya magari ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, yamefanyika hapo miaka mingi, na ngoma za muziki pia. Jambo hili ni jema. Ardhi kubwa ikitumiwa na wengi, kazi huongezeka: mlinzi, mpishi, mfagiaji, fundi wa umeme, wasimamisha mahema.

Lakini tufumbue macho. Mwenye kiwanja ni mmoja, mwenye tamasha ni mwingine, mwenye mahema ni wa tatu. Hema likikunjwa, kibarua atamdai nani? Kwa hiyo kabla ya kushika kazi tuulize: nani ametuandika, na nani atatulipa? Tuandike jina lake na tarehe.

Tena tujue sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo, siku zake zikafika jumla ya mwezi mmoja au zaidi, si kibarua wa siku tena. Asiyeandika tarehe atathibitishaje? Kifungu cha 27 chatoa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Farasi hula kila siku, kweli; basi wasaisi wapokezane zamu. Na mtu akipigwa teke kazini, sheria ya fidia ya mwaka 2007 yamhusu. Apeleke habari kwa mwajiri mara moja, na kwa katibu wa tawi.

Ndugu, farasi hupumzishwa baada ya mbio. Nasi tusikubali kupewa chini ya hapo.

Umoja ni nguvu.