Kiwanja Kwanza: Mazoezi na Michezo kwa Mkazi wa Kiwalani

Mada iliyotolewa kwenye semina ya viongozi wa mitaa, walimu na vikundi vya mazoezi



Nimeombwa nizungumzie jinsi mkazi wa kata yetu ya Kiwalani, jijini Dar es Salaam, anavyoweza kuutunza mwili wake kwa mazoezi na michezo, ilhali hana fedha ya jimu wala nafasi ya kwenda ufukweni kila jioni. Nina jambo moja la kusema. Kwetu uswahilini mazoezi ya mtu hudumu akiwa na kundi, na kundi hudumu likiwa na kiwanja. Kwa hiyo anayelinda kiwanja analinda afya ya mtaa mzima, na nitaomba tulitazame hivyo leo.

Naanza na daladala, ila nitapitia kwanza kwenye mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa kwenye gari lile lile, barabara ile ile, moshi ule ule. Lakini dereva alikaa kwenye kiti zamu nzima, na kondakta alikuwa akipanda mamia ya vidato vya ngazi za basi kwa siku akikata tiketi. Morris alikuta kwamba makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva, na hata ulipowapata haukuwaua upesi kama ulivyowaua madereva. Enzi zile madaktari wengi hawakuwa wakiuhusisha moyo na kukaa kitako. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99, na alikuwa ameyashika mazoezi kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Sasa mtazameni konda wa daladala zetu za Kiwalani. Anashuka kila kituo, anaita abiria, anapiga bati, anakimbilia gari lililokwisha kuondoka. Simsifu kwa kuning'inia mlangoni, maana hilo huua. Nasema miguu yake inafanya kazi tangu alfajiri, na dereva wake yuko kwenye joto la injini mpaka usiku, chipsi mayai analetewa dirishani. Tukitaka kuanza kupima presha za watu katika kata hii, tuanze na madereva.

Kiwalani ni kata ya watu wa kazi, na wapo ambao hawahitaji hotuba yangu. Aliyebeba mifuko ya saruji kutwa nzima anahitaji maji, chakula na usingizi kuliko anavyohitaji kukimbia. Vivyo hivyo anayetembea kila siku kwenda na kurudi kwenye viwanda vya Barabara ya Nyerere. Huyo tayari amefanya zoezi lake. Hofu yangu ni kwa wanaokaa: fundi cherehani, muuza duka, mlinzi wa getini, dada wa kibanda cha kutuma na kutoa pesa, na kijana wa bodaboda. Zamani ukishuka kituoni ulitembea hadi nyumbani, uwe unakaa upande wa Bombom au wa Minazi Mirefu, upende usipende. Siku hizi pikipiki inakungoja kabla hujakanyaga chini, na inakufikisha mlangoni. Bodaboda zimewapa vijana wetu ajira, na usiku wa manane ukiwa na mgonjwa ndizo mkombozi. Hata hivyo zimetuondolea mwendo wa kila siku ambao ndio uliokuwa mazoezi yetu bila sisi kujua, na hatujaweka kitu mahali pake.

Matokeo yake yanaonekana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kwamba karibu asilimia 26 wana shinikizo la juu la damu na kama asilimia 9 wana kisukari. Yaani ukiwakusanya watu wazima wanne barazani, mmoja ana presha, na mara nyingi hajijui. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto apate wastani wa dakika 60 kwa siku. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa haraka kunatosha. Hakuna anayehitaji kununua chochote.

Kama ni rahisi hivyo, mbona watu wanaanza na kuacha? Kwa sababu wanaanza peke yao. Mtu anaambiwa na daktari apunguze kitambi, ananunua raba, anatoka siku za mwanzo, mvua inanyesha, raba zinahamia uvunguni. Mlinganisheni na mwanachama wa klabu ya jogging. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri anasikia filimbi mtaani kwake, anajua wenzake wamesimama wanamngoja, anajua jina lake lipo kwenye daftari. Asipoonekana wiki mbili, watakwenda kumgongea mlango kujua kama anaumwa. Akifiwa, fulana zile zile za rangi moja zitajaa msibani na mfuko wa klabu utatoa mchango. Yule mtu hakimbii kwa ajili ya mishipa yake ya damu. Anakimbia kwa ajili ya watu wake, na mishipa inafaidika. Temeke, Ilala, Kinondoni, kote klabu hizi zimeota zenyewe, na zinatembeleana kwa mabonanza. Ni kazi kubwa ya wananchi, na naona viongozi wengi hawajaipa heshima inayostahili.

Tazameni pia ule wimbo wanaouimba wakikimbia. Mchakamchaka tumeurithi shuleni na JKT, na wengi wanaudhani ni wa kuchangamsha tu. Lakini kiitikio hupima pumzi. Watu wakiitikia kwa sauti, mwendo unawafaa hata wazee na wageni. Sauti zikianza kukatika, mwendo umezidi, na kiongozi anayejua kazi yake hupunguza mara moja. Anayeongoza wimbo ndiye anayeongoza mwendo, kwa hiyo msimpe kazi hiyo kijana mwenye haraka.

Nina malalamiko mawili kwa klabu zetu, na nayasema kwa upendo. La kwanza ni barabara. Kukimbia gizani kwenye Barabara ya Nyerere, kati ya malori na mabasi, ni kuweka roho rehani. Mradi wa kuendeleza jiji letu, DMDP, ulioanza mwaka 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umetuletea lami, mitaro na taa katika barabara zetu za ndani. Tuzitumie hizo, na bendera nyekundu iwe mbele na nyuma ya kundi. La pili ni bonanza. Watu wamekimbia saa nzima, kisha wanakaa muda wa saa tano kwa supu, nyama choma na bia. Sherehe ni halali yetu, ila kwa mwenye presha au sukari hizo saa tano zinafuta kazi ya asubuhi. Wekeni matunda mezani, wekeni maji, na mleteni muuguzi mwenye kipimo.

Akina mama naomba niwatazame kwa namna yao. Katika mazoezi ya viungo kwa muziki wanajaa. Katika mbio za alfajiri ni wachache. Sababu tunazijua. Saa ile ndiyo ya kuwasha jiko, kupika uji na kuandaa watoto wa shule. Giza linatisha. Na kukipambazuka, kuna maneno ya vijana wa kijiweni kwa mama mwenye umbo kubwa aliyevaa suruali ya mazoezi. Kumwambia mama huyu ajitahidi ni kumwonea. Tumpelekee zoezi mahali alipokwisha kukaa na wenzake. Vikundi vya vikoba hukutana kila wiki. Nusu saa kabla ya kuhesabu hisa inatosha kwa kuanzia. Kisha turudishe mpira wa pete. Wengi wa mama zetu waliucheza shuleni, sheria wanazijua, na uwanja wake ni mita 30.5 kwa 15.25 tu, unaingia kwenye kona ya uwanja wa shule. Nguzo mbili za urefu wa mita 3.05 fundi wa kuchomelea wa hapa hapa mtaani anazitengeneza. Hata rede, mchezo wa binti zetu, mama wa miaka arobaini akiucheza kwa robo saa atatoka jasho la kweli. Kinachotakiwa ni saa maalumu ya akina mama kiwanjani, iandikwe, itangazwe, na vijana waiheshimu.

Na hapo ndipo tunapofika penye kidonda: hicho kiwanja kiko wapi?

Sisi sote tumeona kiwanja kinavyokufa. Kwanza kinaota kibanda pembeni. Baadaye mtu anamwaga tofali, anasema ni kwa muda. Halafu linakuja gari bovu, linafuata la pili, gereji imezaliwa. Siku moja mnakuta mabati yamezungushwa, na mkiuliza, hakuna ofisi yenye karatasi inayosema pale palikuwa pa watoto. Baada ya hapo chandimu inahamia barabarani, katikati ya bodaboda, na wazazi wanawafungia watoto ndani na televisheni. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, milioni moja zaidi ya mwaka 2012. Kila kipande kisicho na mwenyewe kitapata mwenyewe.

Watu wakitetea viwanja vya mchangani hupenda kumtaja Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, aliyepitia African Lyon, Simba, TP Mazembe na Genk, hadi Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na timu ya Ligi Kuu ya Uingereza, Aston Villa. Ni fahari yetu. Lakini mimi nawafikiria zaidi wale waliocheza naye utotoni wasifike popote. Leo ni baba wa watoto, wanacheza veterani Jumapili, na miili yao ina ule msingi walioupata mchangani. Hao ndio maelfu, na kiwanja kiliwahudumia bila kuwadai nauli ya Ulaya. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 pale Temeke, unakalisha watu 60,000 kutazama 22. Vibanda umiza vyetu navyo hujaa kila mechi kubwa. Mapenzi ya michezo tunayo tele. Nataka yashuke miguuni.

Kuhusu michezo mingine nitapita haraka. Anayependa kikapu aende Kidongo Chekundu, kwenye kituo cha vijana cha Jakaya Kikwete kilichofunguliwa 2015, au Don Bosco Upanga. Ndondi zinajenga pumzi na nidhamu, mradi anayeanza apate kocha anayekataza kupigana kabla ya miezi ya mazoezi. Kuogelea kunanisikitisha: tunaishi mji wa bahari na watoto wetu wengi hawajui kuelea. Hilo linastahili semina yake.

Kuna jambo jingine tunaloweza kufanya bila bajeti kubwa. Kigali walianza mwaka 2016 kufunga baadhi ya barabara Jumapili asubuhi. Watu wanakimbia na kuendesha baiskeli, na wahudumu wa afya wanapima presha na sukari pale pale. Sisi tuna agizo la Desemba 2016, alilolitoa Mama Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Tufunge barabara moja ya ndani ya Kiwalani siku hiyo, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kwa kibali cha Jiji na polisi. Walimu wakuu nao wafungue viwanja vya shule jioni, kwa makubaliano ya maandishi na klabu zitakazofanya usafi na kulinda madirisha.

Ndugu washiriki, baada ya chai tutagawanyika kimtaa. Naomba kila kundi lije na orodha ya kila eneo la wazi lililobaki, hata liwe dogo la kucheza rede: mipaka yake, nani analitumia na saa ngapi, nani anadai ni lake, na kama lipo kwenye ramani ya mipango miji. Wazee wanaokumbuka viwanja vilivyokuwepo zamani wakae na vijana wenye simu za kupiga picha. Orodha hiyo isainiwe leo na kila mwenyekiti wa mtaa, ipelekwe Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kutoka hapo iende Halmashauri ya Jiji ikiwa na ombi moja: maeneo haya yapimwe na yaandikwe kuwa ya michezo, kwa jina la umma.